Wakati wa Matangazo

Komunyo imekwisha, wimbo wa shukrani umefika ubeti wa mwisho, padre ameketi. Katibu wa halmashauri ya walei anainuka na karatasi zake, na papo hapo macho ya watu yanaanza kuutafuta mlango. Mama anamfunga mtoto mgongoni. Kijana aliyesimama nje tangu Injili anakumbuka kwamba pikipiki yake iko juani. Matangazo yameanza: ndoa, tangazo la pili, jumuiya ya zamu ya usafi wiki hii, mafundisho ya watoto wa Komunyo ya kwanza, kikao cha akina mama wa WAWATA mara baada ya Misa, mgonjwa aliyerudi kutoka hospitali ya Bombo, anaomba kutembelewa. Halafu zaka, mchango wa ujenzi na Tegemeza Jimbo, jumuiya kwa jumuiya, kuanzia ile iliyotoa nyingi hadi ile ambayo jina lake likisomwa wenyewe huangalia sakafu.

Utani wake ni wa siku nyingi, nao unasikika parokia nyingi za nchi hii: homilia dakika kumi, matangazo nusu saa. Watu wenye heshima zao, wanaofika kabla ya kengele na kupiga goti vizuri, huona kwamba wakati huo sala imeshakwisha na kilichobaki ni mambo ya ofisini. Sikubaliani nao. Hadi Komunyo, Misa ya Tanga ni Misa ya popote: masomo yale yale yanasomwa Jumapili hiyo Manila, Kinshasa na Kraków, na hilo lenyewe ni jambo kubwa. Lakini hakuna mji mwingine duniani utakaotangaza kwamba jumuiya fulani ya Makorora wiki hii inasali kwa yule bibi wa nyumba ya pembeni, aliyefiwa mwezi uliopita. Katika karatasi zile ndimo parokia inapotajwa kwa jina lake, na watu wake kwa yao.

Nasema Tanga makusudi. Tanga ni mji wa Ijumaa. Ijumaa mchana ndipo kanzu zilizopigwa pasi zinapotoka, na maduka mengi ya Ngamiani yanafunga mlango kwa muda. Jumapili kwa watu wengi ni siku ya kufua na ya mpira. Mkatoliki wa hapa hakuzungukwa na Ukatoliki kila upande kama mtu wa Rombo au wa Mbinga, ambako hata asiyesali huamshwa na kengele. Tena, ukiwatoa Wasambaa wa milimani, ambao Watrapisti walifika kwao Gare mwaka 1897, Wakatoliki wengi wa ukanda huu wa chini wana asili ya mbali. Babu zao hawakuzikwa hapa. Hilo ndilo jambo la kwanza la kulielewa, na kulieleza inabidi turudi kwenye mkonge.

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyojaza nchi kutoka pwani hadi Korogwe na kuendelea kuifuata reli. Wenyeji, Wabondei, Wadigo na Wazigua, walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kukata majani ya mtu mwingine yenye miba kwa ujira mdogo. Basi wakatafutwa watu wa mbali: kutoka Songea na Njombe, kutoka Kigoma, kutoka Unyamwezi, kutoka Burundi, kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na malori na treni zikawaleta. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, na waliofanya kazi katika mashamba hayo walizidi 100,000.

Wengi walikuja na dini zao mfukoni. Mtu wa Songea aliyebatizwa na Wabenediktini wa Peramiho, waliofika kule 1898, au mtu wa Kigoma aliyefundishwa na Mapadre Weupe, alishuka Tanga akiwa na rozari na jina la mtakatifu, na hakumjua mtu. Alichokijua ni Misa. Ilikuwa ya Kilatini siku hizo, na Mrundi na Mngoni waliosimama bega kwa bega katika kambi ya mkonge waliweza kumjibu padre kwa maneno yale yale kabla hawajaweza kuulizana vizuri bei ya unga. Katekisimu yao nayo mara nyingi ilikuwa ya Kiswahili, maana wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 walikishika Kiswahili mapema wakafundishia, na wengine nao wakafanya hivyo. Kwa hiyo lugha ya pwani ilikuwa imewatangulia bara. Walipofika pwani waliikuta ikizungumzwa kwa ufasaha, na wenyeji wakacheka walipoisikia yao.

Padre wa kuwahudumia watu hawa wote alikuwa mmoja kwa eneo ambalo leo lina parokia kadhaa. Warosmini, watawa wa shirika la Antonio Rosmini, ndio waliobeba mzigo huo kwa miaka mingi. Tanga ilipofanywa Prefektura ya Kitume mwaka 1950 na kisha Jimbo mwaka 1958, askofu wa kwanza, Eugene Arthurs, alitoka kwao. Lakini padre alipita tu. Aliyebaki kambini ni katekista, na Jumapili ikifika kambini bila padre, yeye ndiye aliyesoma Neno, akaongoza sala, na akatangaza. Nina hakika matangazo ya kambini yalisikilizwa kuliko ya leo, kwa sababu mtu asiye na ndugu husikiliza kila neno linaloweza kumhusu.

Tangazo zito kuliko yote lilikuwa la kifo. Hebu fikiria: mkata mkonge kutoka Kasulu amekufa kwa homa. Ukoo wake uko mwendo wa siku nyingi, barua itafika miezi ikiwa imepita, na mwili hauwezi kungoja. Nani amwoshe? Nani aingie kaburini kumpokea? Kazi hizo kwa mila haziwi za yeyote tu. Pwani na bara zilikuwa na jibu la zamani: mtani. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani, juu ya Muheza, aliwaacha ndege wake kwa muda akaandika, mwanzoni mwa miaka ya 1940, juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Nadhani haikuwa bahati tu kwamba mtu wa Amani ndiye aliyeuona. Alizungukwa na makabila yaliyoletwa pamoja na kazi, na utani ulikuwa ndio udugu uliowezekana kati ya watu wasiohusiana. Mngoni na Mhehe, ambao babu zao waliuana vitani, walikuta kwamba mjini yule mwenye haki ya kukutukana ndiye pia mwenye wajibu wa kukuzika.

Parokia za Tanga zimerithi kazi hiyo ya mtani, pamoja na kazi ya misheni. Ukizisoma hivyo, mambo mengi yanayoonekana ya kero katika wiki ya Mkatoliki wa hapa yanapata maana.

Chukua jumuiya. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA uliofanyika Nairobi mwaka 1976, waliamua kwamba parokia zijengwe juu ya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo: majirani wachache, wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao kila wiki. Tanzania ililipokea wazo hilo kwa urahisi. Nchi ilikuwa katika Ujamaa, na watu walishazoea kupangwa nyumba kumi kumi chini ya balozi. Leo jumuiya ina mtakatifu somo wake, mwenyekiti, katibu, mtunza hazina na daftari. Katika mitaa mingi wanakutana Jumamosi alfajiri, saa kumi na mbili, kabla ya soko. Kwingine ni jioni katikati ya wiki. Mshumaa juu ya stuli yenye kitambaa cheupe, wimbo unaoanzishwa juu mno na kushushwa katikati, Injili ya Jumapili inayokuja, kimya, kisha mtu mmoja anasema neno lililomgusa, na mara nyingi ni yule yule wa wiki iliyopita. Baada ya sala, mengineyo. Na daftari linaitwa.

"Mama yake Fulani haonekani wiki ya tatu hii. Kulikoni?"

"Miguu, mwenyekiti. Imevimba."

"Haya. Kesho baada ya Misa ya kwanza twende wangapi?"

Mazungumzo haya mafupi ndiyo ninayoyatetea. Lakini siwezi kuyatetea bila kutaja kwamba watu wa Tanga wamewahi kuandikwa katika madaftari mengine. Mkata mkonge alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na kila siku aliyomaliza kazi yake iliwekewa alama. Siku isiyo na alama haikulipwa, na hakuna aliyekwenda kuuliza amelala wapi. Kisha akaja balozi na orodha yake ya nyumba kumi, aliyejua nani amelala na mgeni gani. Daftari la jumuiya linakaa katika ukoo huo, tutake tusitake. Kalamu ni ile ile na mistari ni ile ile. Kinachotofautisha ni kile kinachofanyika panapokuwa na nafasi tupu. Ikiwa nafasi tupu inamtoa mtu nyumbani kwake kwenda kubisha hodi kwa aliyekosekana, daftari limefanya kazi ya Kanisa. Ikiwa inangoja tu siku ya kumhesabia, hicho ni kipande, hata kama jalada lina picha ya Bikira Maria.

Na siku ya kumhesabia huja. Katika parokia nyingi za nchi hii, anayetaka mtoto abatizwe, anayetaka kufunga ndoa, anayetaka kipaimara, sharti alete barua ya mwenyekiti wa jumuiya inayosema kwamba anafahamika. Kwa ubatizo na ndoa naona mantiki yake, maana padre mmoja hawezi kuwajua watu elfu kadhaa, na majirani wanajua nani ameoa wapi. Pagumu ni kwenye mazishi. Kila mtu amesikia habari za marehemu ambaye jumuiya ilisema haimjui. Familia imekaa chini ya turubai, jeneza liko sebuleni, na viongozi wanafungua daftari kutafuta mahudhurio. Wakati mwingine inaishia kwa katekista kuja kusali kaburini bila Misa, wakati mwingine kwa faini isiyoitwa faini, ya michango iliyolimbikizwa. Viongozi hujitetea kwamba bila ukali huo hakuna atakayehudhuria. Pengine ni kweli kuhusu mahudhurio.

Lakini Sheria ya Kanisa ya 1983 haiwaungi mkono. Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi, waliojitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungewakwaza waamini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Kutohudhuria jumuiya hakumo. Kinachodaiwa na sheria kila wiki, katika kanuni ya 1247, ni Misa ya Jumapili. Jumuiya imejengwa juu ya hiari na ujirani, na nguvu zake zote zinatoka huko. Ukiifanya kuwa mlango wa makaburi umeigeuza kinyume cha ile kazi ya mtani niliyoitaja. Mtani hakuwahi kuuliza kama marehemu alikuwa akihudhuria utani.

Yustino Mfiadini, akiandika Roma karibu na mwaka 155, aliwaeleza wapagani Wakristo hufanya nini siku ya Jumapili. Ni moja ya maelezo ya kale kabisa ya Misa tuliyo nayo. Watu wa mjini na wa mashambani hukusanyika mahali pamoja, yanasomwa maandiko kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anawahimiza, wanasimama na kusali, mkate, divai na maji vinaletwa. Mambo mawili katika maelezo yake hunishika kila mara. Kwanza, mashemasi huwapelekea Ekaristi wale ambao hawakuwepo. Pili, wenye uwezo hutoa wapendavyo, na kinachokusanywa huwekwa kwa kiongozi ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa, na wageni waliomo mjini. Kwa hiyo tangu karne ya pili ibada ya Jumapili ilikuwa na orodha mbili ndani yake: orodha ya wasiokuwepo, na orodha ya wahitaji. Bila shaka kuna mtu alisimama akazisoma. Na bila shaka kuna mtu aliutazama mlango.

Tukiwa kwenye fedha, niseme langu juu ya kusoma michango kwa mpangilio wa ushindi. Najua sababu. Ruzuku kutoka Ulaya zimepungua sana, mapadre wanakula, paa linavuja, na jumuiya ikisikia jirani yake imeitangulia, mwezi ujao itajitahidi. Lakini waraka wa Yakobo ulishaonya juu ya kumpa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini asimame kule, na jumuiya nazo zina mitaa yake. Ya Raskazone ina watu wenye mishahara na nyumba za kuangalia bahari. Ya kambi ya zamani ya mkonge ina vikongwe waliobaki baada ya bei kuanguka na mashamba kufa, wasio na pensheni ya kueleweka wala nauli ya kurudi walikotoka, na wengi wao hawana tena wa kumrudia. Kuzipanga hizi mbili kwenye msimamo mmoja kama timu za ligi ni kuwaaibisha wazee mara moja kwa mwezi kwa kipaza sauti. Zisomwe kwa alfabeti ya majina ya watakatifu wao. Mtakatifu Agnes atatangulia kila mara, na hakuna atakayemwonea wivu.

Katika karatasi zile za matangazo kuna jambo jingine ambalo halisomwi. Anayesimama kusoma mara nyingi ni mwanamume. Wanaotekeleza ni wanawake. Usafi wa kanisa, maua, kufua vitambaa vya altare, kumtembelea mgonjwa, kupika chakula cha msiba cha watu mia mbili kwa taarifa ya saa tatu: nenda ukaangalie ni mikono ya nani. WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, ulianza mwaka 1972, na vitenge vyao vya sare vinajulikana hata na wasiosali. Umoja wa wanaume, UWAKA, upo, na una watu wema; lakini parokia ikiukosa kwa mwezi mmoja itashtuka kidogo, na ikiwakosa WAWATA kwa wiki moja itasimama. Halafu uchaguzi wa halmashauri ukifika, mwenyekiti atatoka kwa wanaume na mama mmoja atafanywa mtunza hazina kwa kuwa haibi. Siku hizi wapo wenyeviti wanawake, na jumuiya zao huonekana hata kabla ya kuuliza: wagonjwa wao wana wageni.

Na majirani? Parokia ya Tanga haiwezi kusimuliwa kana kwamba inaishi peke yake. Ukifiwa Ngamiani, wa kwanza kuleta viti na sufuria kubwa ni jirani Mwislamu, kwa sababu nyumba yake iko karibu na wanajumuiya wako wanatoka mitaa mitatu tofauti. Waislamu mazishi yao ni ya haraka, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Yetu hungoja watu watoke Mbinga au Kigoma, na siku zote hizo majirani hao wanakaa nasi barazani wakishangaa kwa adabu tunavyochelewa. Mnyama wa msiba anachinjwa na Mwislamu ili wote wale chungu kimoja, na hakuna anayeliona kuwa ni jambo la kujadili. Mwaka 2013, huko Geita, ugomvi wa nani achinje uligharimu uhai wa mtu. Nilipozisikia habari hizo nilifikiri jinsi desturi ndogo inavyoweza kushikilia kitu kizito bila mtu kujua, hadi siku mtu anapoamua kuiondoa kwa kudai haki yake. Jumuiya zetu zinaposali kwa nyimbo na vipaza sauti alfajiri katika mtaa wa watu wengine, ingefaa zikumbuke nani aliyebeba viti.

Tanga sasa inapokea watu tena. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, kaskazini kidogo mwa mji, ambako jiwe lake la msingi liliwekwa Agosti 2017. Bandari imeongezwa kina. Wamekuja mafundi wa kuchomelea kutoka Mwanza, madereva wa Bukoba, wapishi, walinzi, vijana wa Moshi wenye vyeti vya usalama kazini, na Waganda ambao Misa ya Kiswahili wanaifuata kwa kubahatisha. Kati yao Wakatoliki ni wengi. Wamepanga chumba kimoja kimoja, na mikataba yao ni ya miezi sita. Jumapili wanasimama nyuma, na matangazo yakianza wanaondoka, maana hakuna hata moja linalowahusu. Zaka yao inakwenda kwa simu, nyumbani kwao, katika parokia ya mama.

Jumuiya, kama ilivyo, haina nafasi ya mtu wa namna hii. Inamtaka mkazi. Inamtaka mwenye Jumamosi alfajiri yake huru, ilhali mlinzi ndiyo kwanza anatoka zamu na dereva yuko njiani Korogwe. Inamtaka mwenye nyumba ya kupokelea watu, kwa kuwa sala inazunguka nyumba kwa nyumba, na kijana wa chumba kimoja chenye kitanda na jiko la gesi anaona aibu zamu yake inapokaribia. Wiki ile anapata safari. Wapo wanaomwita mlegevu. Babu wa mwenyekiti anayemwita hivyo alikuja hapa kwa lori la SILABU, akalala kambini kwenye chumba cha watu wanne.

Kundi la simu limesaidia kidogo. Karibu kila jumuiya ina lake, na humo mgonjwa anatangazwa usiku ule ule, mchango unafika kabla ya asubuhi. Wazee wanalaumu kwamba sala imekuwa ya kutumiana picha za waridi zenye maneno, na ni kweli picha za waridi ni nyingi. Lakini mlinzi wa Chongoleani anasoma habari za mgonjwa akiwa lindoni, na siku ya mapumziko anajua mahali pa kwenda. Hajaandikwa katika daftari lolote la mahudhurio, na amekwisha kumtembelea mtu. Ningekuwa katibu ningemwandika kwa hilo.

Pia ningehamisha sala moja katika mwezi iwe Jumapili alasiri, saa kumi, barazani kwa yeyote, kwa jamvi. Nyumba za mji huu zina baraza, na huko nje mtu hupokelewa bila kuulizwa ana vyumba vingapi ndani. Padre mmoja niliyemweleza wazo hili alisema wenyeviti hawatakubali, kwa sababu alasiri ya Jumapili kuna mpira. Nilimjibu kwamba hata mechi ina mapumziko, naye akacheka, akasema nilete hoja kwa maandishi kwenye halmashauri ya walei, ili nayo itangazwe.